Mpwa wa Mchongaji

Mume wangu ana mwaka wa nne haoni, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumdanganya kuhusu mvua. Nikimwambia inanyesha, inanyesha. Nikimwambia avae sweta, basi nje kuna baridi kweli. Naanza na hilo kwa sababu haya mengine nitakayoyasema hayana cha kunisifu, na ningependa ijulikane kwamba kwa mambo ya kila siku mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na yalikuwa macho ya kuaminika.

Tulikuwa mafundi wa mabango. Yeye alichora watu na vitu, mimi niliandika maneno. Karakana yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na harufu ya tapentaini ilitufuata mpaka kwenye mito ya kulalia. Mtu akitaka kibao cha duka la viatu, mume wangu alichora kiatu mpaka ukatamani kukifunga kamba, halafu alisogea pembeni na kusema, "Bi Herufi, uwanja wako." Nami nilishika brashi bapa nikaandika jina la duka kutoka kushoto kwenda kulia, bila mstari wa penseli. Mtaani walimwita Mzee Brashi. Hilo la Bi Herufi alinipa yeye, na hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Alikuwa na kichwa kigumu, si mchezo. Muuza nyama mmoja alitaka achorwe mlangoni pa bucha lake, ila bila kitambi. Mume wangu akamwambia, "Kitambi nitakichora. Siku ukikipunguza, njoo nikifute bure." Yule bwana akaondoka amefura. Bwana harusi mmoja mfupi alitaka ampite mkewe kwa urefu, akaambiwa apande juu ya kreti, na achorwe na kreti lake. Wateja wa namna hiyo tuliwapoteza wengi. Mimi ndiye niliyewakimbilia barabarani na brashi mkononi kuwabembeleza, na nikirudi nilikuwa nafoka mpaka chakula kinaungua. Lakini moyoni nilijivunia. Sikumwambia, ndiyo kasoro yangu, mambo ya muhimu huwa siyasemi.

Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, daktari alisema, na kwamba tumechelewa kuja. Ilianzia pembeni, ikawa inasogea katikati. Mwanzo alikuwa anagonga miguu ya meza, tukawa tunamcheka, na yeye anacheka. Baadaye hatukucheka tena.

Wakati bado anaona kidogo katikati, alikuja mkutubi wa maktaba ya hapa kwetu, binti mpole mwenye miwani mikubwa. Maktaba ilikuwa na mfagizi, mama mmoja aliyefanya kazi pale miaka thelathini na moja. Kila siku alipomaliza kufagia alikaa na kitabu, akavisoma vyote kuanzia rafu ya mlangoni mpaka ya ukutani. Sasa alikuwa anastaafu, na mkutubi alitaka picha yake itundikwe ukumbini. Mume wangu alikubali kabla binti hajamaliza kueleza. Mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Yule mama alikaa karakanani kwetu siku tisa, kitabu mapajani na ufagio umeegemea bega. Mume wangu alichora pua yake ikikaribia kugusa ubao. Hakutaka msaada. Nilipomwambia nimchanganyie rangi alinitazama kama mwizi, nikatoka nje nikaenda kumenya viazi. Siku ya kumi mume wangu akaandika jina lake kwenye kona ya chini, kwa rangi nzito kama kawaida yake. Kisha binti yetu akampeleka kliniki ya macho, na mimi nikabaki kuwasubiri wenye picha yao, ambao wangekuja jioni.

Ndipo nikaitazama. Gauni lilikuwa gauni, mikunjo yake ungetaka kuipiga pasi. Nywele, mikono, kitabu, ufagio, vyote vilikuwa kazi ya mume wangu wa miaka ile ya nyuma. Lakini uso! Jicho la kushoto lilikuwa limeshuka mpaka shavuni, na mdomo umekwenda zake kuelekea sikio. Nilikaa juu ya kopo la rangi nikalia. Nilipochoka kulia nikakasirika, na mimi nikikasirika hufanya kazi. Niliwaza watoto wa shule wakiupita uso ule ukumbini na kuzibana midomo. Niliwaza mkutubi akitafuta neno la adabu. Nikafungua makopo.

Saa nne nzima sikuinua kichwa. Nilifuta uso nikauchora upya kwa kukumbuka mwanamke aliyekuwa anakunywa chai yetu siku tisa. Haukuwa uso ambao mume wangu angeuchora enzi zake, sitajivika kilemba cha ukoka. Lakini macho yalikaa mahali pa macho, na lile la kushoto lilikuwa na uchovu kidogo, kama lake. Nilikuwa nafuta mikono yangu wakati mkutubi anabisha hodi. Yule mama mfagizi aliitazama picha, akajifunika uso kwa viganja, akalia.

Mume wangu aliporudi aliuliza kabla hajakaa, "Wamesemaje?"

"Amelia," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli.

Akakaa, akashusha pumzi ndefu. "Basi nimemaliza vizuri," akasema.

Miezi miwili baadaye giza likafunga kabisa. Nilitegemea atavunjika, mwanamume aliyeishi kwa macho. Hakuvunjika. Watu walipokuja kumpa pole aliwaambia, "Nendeni maktaba mkaone nilichokifanya na macho yale mabovu." Walikwenda, wakarudi na sifa. Kila sifa aliyoipata ilinichoma mimi. Mara ngapi nilifungua mdomo! Nilikuwa namkuta amekaa mlangoni, uso umetulia, nami nasema leo si siku nzuri, nitamwambia kesho. Miaka minne ikapita kwa kesho hizo.

*

Maktabani palikuwa na kikundi cha wasomaji, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Kilikuwa kidogo, hata meza moja hakikuijaza. Mkutubi alikuwa msimamizi. Kulikuwa na nesi mstaafu, mama mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, na kinyozi wa mtaani kwetu, kijana wa maneno mengi ambaye alisoma baina ya mteja na mteja. Na mume wangu, na mimi niliyemshika mkono. Maktaba ilinunua nakala nne za kila kitabu. Ya mume wangu niliisoma mimi, kwa sauti, jioni baada ya chai.

Walikuwa na desturi yao. Siku ya mazungumzo, majina ya wahusika yaliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kofia ya kinyozi, kila mtu akachota. Uliyemchota ndiye mtu wako. Ulikuwa wakili wake hata kama ni shetani mwenye mapembe, na ulipaswa kueleza kwa nini alifanya aliyoyafanya. Mimi sikuchota. Nilihesabiwa kitu kimoja na mume wangu.

Riwaya ya mwezi ule ilikuwa ya mchongaji sanamu. Tajiri mmoja anamwagiza achonge sanamu ya marehemu mama yake, lakini mdomo uwe laini, uwe unatabasamu. Mchongaji anakataa. "Mama yako alikuwa na mdomo mkali," anamwambia, "na kwa mdomo huo alikulea." Mume wangu alipiga paja kwa furaha. "Huyu ni mimi!" akasema. "Nani kamwambia mwandishi habari zangu?" Kila jioni aliimaliza chai yake haraka ili nianze kusoma. Sikuwa nimemwona na raha ile tangu apoteze macho.

Mimi nina mazoea ya kazi yangu. Mwandishi wa mabango hawezi kuanza herufi ya kwanza kabla ya kujua neno lote lina urefu gani, la sivyo ubao unamwishia. Kwa hiyo hata nikisoma, macho yangu hutangulia mdomo. Tulipofika sura ya kumi na moja, mdomo wangu ulikuwa bado juu ya ukurasa, mchongaji anaanza kutetemeka mikono, anaugua, analala. Macho yangu yakawa chini. Huko chini mpwa wake, binti wa dada yake aliyekuwa anamsaidia kazi, anaingia karakanani mchana, anaona sanamu imeharibika uso, anashika patasi, anaimalizia kwa siri. Nikageuza jani haraka nikapitisha macho. Mchongaji anapona, anasifiwa na mji mzima, halafu anagundua. Anachukua nyundo anaivunja sanamu. Mpwa anaondoka. Mzee anakufa bila kulitaja tena jina lake.

"Mbona umenyamaza?" mume wangu akauliza.

"Nameza mate," nikasema.

Kisha nikasoma. Nikasoma kwamba mpwa aliingia, akanyanyua patasi, akaitazama sanamu kwa muda mrefu, akaiweka patasi chini na kutoka. Nikasoma kwamba mchongaji aliamka siku ya tatu, akaimalizia mwenyewe kwa mikono yake iliyokuwa inatetemeka.

Mume wangu aliachia pumzi aliyokuwa ameizuia. "Soma tena hapo," akasema.

Ilinibidi nisome tena, neno kwa neno, kitu ambacho hakikuandikwa popote. Aliniomba mara tatu. Sura zilizobaki nilizitunga kama nilivyoweza, fupi fupi, nikamwambia kitabu kimekwisha. Akasema, "Kizuri, ila mwishoni mwandishi kachoka."

Najua utasema nilikuwa mjinga, kwamba wenzetu walikuwa na kitabu kilekile. Nilijua. Nilipanga niwahi kufika niwanong'oneze wasiguse habari za mpwa. Lakini wangeuliza kwa nini, na sikuwa na jibu ila ukweli wenyewe. Jumamosi ilipofika nikasema kichwa kinaniuma, tusiende. "Pole, pumzika," mume wangu akaniambia. "Kinyozi anapita hapa, atanishika mkono." Nikavaa viatu.

Tulikaa mahali petu pa siku zote, karibu na picha ya mfagizi. Kofia ikazunguka. Kinyozi akachota tajiri, akaguna. Nesi akachota mchongaji. Mkutubi akachota mke wa tajiri, ambaye kwenye kitabu kizima alisema maneno mawili. Mume wangu akaingiza vidole, akatoa kikaratasi, akampa nesi amsomee.

"Mpwa," nesi akasema.

"Ah!" mume wangu akatabasamu. "Nimepata bahati."

Nikatazama mlango.

Kinyozi akaanza. Alimtetea tajiri wake kwa kinywa kipana. "Jamani, huyu mtu kafiwa na mama. Anataka kumkumbuka akitabasamu. Kosa liko wapi? Mimi wateja wangapi wananiambia niwanyoe wafanane na watu ambao hawatafanana nao mpaka wafe? Nawanyoa. Ninyi mnamwita mwongo, mimi namwona mtoto anayelia."

"Lakini alitaka wengine nao wadanganyike," mkutubi akasema taratibu. "Hilo ndilo linalonisumbua. Huzuni yake ni yake, ila sanamu iliwekwa uwanjani."

Nesi akaingia. "Mtu wangu ni mnyoofu, nakubali. Lakini nimewauguza wanyoofu wa namna hiyo, na kuwauguza ni kazi. Hakumsamehe mtu yeyote hata siku moja. Hata mpwa wake mwenyewe, alipo..."

Nikakohoa kwa nguvu mpaka mkutubi akaniletea maji.

"Mpwa ana wakili wake," mkutubi akasema. "Tumsikilize baba."

Mume wangu akaweka viganja viwili juu ya meza, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuanza ubao mpya.

"Mimi nasema mkubwa kuliko wote humu ndani ni huyu mpwa," akasema. "Mchongaji kushikilia ukweli wake ni rahisi, ni tabia yake, hata mimi ni hivyo, muulizeni mke wangu. Lakini yule binti anampenda mjomba wake. Anaona kazi imeharibika. Mikono anayo, ujuzi anao, hakuna anayemwona. Anashika patasi, na anaiweka chini. Mnajua inavyotaka moyo kuiweka chini? Angeigusa, angekuwa amemwambia mjomba wake kwamba amekwisha, kwamba sasa ni wa kufichwa kama mtoto aliyejichafua. Hakumfanyia hivyo. Mimi kwenye giza langu hili nimemfikiria sana. Nikasema, huyo ndiye mtu wa kuzeeka naye."

Akanyoosha mkono akatafuta wangu. Nikampa.

Wengine walitazamana. Kinyozi akacheka kidogo, hakuwa na ubaya. "Mzee, sisi na wewe tumesoma kitabu kimoja kweli? Mpwa si aliimalizia sanamu?"

"Hakuigusa," mume wangu akasema.

"Aliigusa, Mzee. Ndiyo stori yenyewe."

"Pengine chapa ni tofauti," nesi akadakia. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshaelewa, yule mama, kazi yake ilikuwa kusoma nyuso. "Tuendelee na mambo mengine."

"Chapa gani tofauti? Vimekuja boksi moja," kinyozi akasema, na alikuwa ameshafungua nakala yake. Alipenda kusoma kwa sauti, hatukuwahi kumnyima nafasi hiyo. "Sikiliza, Mzee, sura ya kumi na moja."

Ningeweza kumzuia. Ningeweza kujifanya nimezimia, ningemwaga maji mezani. Sikufanya chochote. Nadhani nilikuwa nimechoka. Kinyozi akasoma jinsi binti alivyoingia mchana, jinsi vipande vya mti vilivyokuwa vinaanguka sakafuni, jinsi alivyofagia vizuri asiache alama. Mume wangu akasikiliza bila kutikisika. Kinyozi aliposita, akamwambia, "Endelea, fundi." Akaendelea mpaka kwenye nyundo. Mkono uliokuwa umenishika haukuniachia, ila ulilegea.

Kinyozi akafunga kitabu. Maskini, alidhani bado tunazungumza riwaya. "Kwa hiyo samahani, Mzee, ni mtu wako, lakini mimi namwita mwizi. Kaiba kazi ya mwisho ya mtu."

"Kaiba nini?" nesi akawaka. "Wewe ukiugua ghafla, mteja kichwa nusu hakijanyolewa, mwenzako asimmalizie?"

"Amalizie! Lakini amwambie mteja, na aniambie mimi nikipona. Huyu hakusema, mama. Akamwacha mzee wa watu anapokea sifa mjini. Mimi mkono wake siulaumu, naulaumu mdomo."

"Mimi ningefanya kama yeye," nesi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Alikuwa anamwambia mume wangu.

Mume wangu akageuza uso upande wangu. "Bi Herufi," akasema, "ukurasa huu kwenye kitabu chetu ulikuwepo?"

"Ulikuwepo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuniuliza kwa nini nimeuruka. Mtu aliyeishi nami miaka thelathini na minane hakuhitaji kuuliza. Nilimwona akitembea kichwani mwake, kutoka kwenye ukurasa mpaka karakanani, kutoka karakanani mpaka siku ya kliniki. Akasimama.

"Nipeleke kwenye picha."

Ilikuwa hatua nne tu. Nikamsimamisha mbele yake, nikaweka mkono wake kwenye ubao. Alianza chini, kwenye gauni. Rangi yake yeye ni ya kupishana, brashi inakwenda huku inarudi huku, ukiigusa inakwaruza. Vidole vikapanda kwenye kitabu, kwenye mikono, kwenye bega na ufagio. Uso wa mume wangu ukaanza kulainika kidogo, akadhani labda yote ni kazi yake. Kisha vidole vikafika kidevuni vikasimama. Akavipitisha juu ya shavu, juu ya mdomo, juu ya macho yote mawili. Laini kabisa, mstari mmoja mmoja, kushoto kwenda kulia.

"Umeuandika," akasema. "Uso wa mtu umeuandika kama kibao."

Nilianza kulia. Hakuna aliyesogea mezani. Kinyozi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na sasa alikuwa ameelewa, na sijawahi kumwona mtu anayetamani kurudisha maneno yake kama yeye siku ile.

"Lilikuwa wapi?" mume wangu akauliza. "Jicho."

"Shavuni."

"Na mdomo?"

"Ulikwenda pembeni. Karibu na sikio."

"Macho yote mawili?"

"Jicho la kulia lilikuwa sawa," nikasema. "Lilikuwa zuri sana." Hilo nalo lilikuwa kweli, na nililifuta pamoja na mengine kwa sababu lisingelingana na la kwangu. Hilo sikumwambia.

Wote tulikuwa tumetoka kusikia habari za nyundo, na nadhani kila mmoja wetu pale aliitazama mikono ya mume wangu. Hakuivunja picha. Aliinama, vidole vikashuka kwenye kona ya chini mpaka vikapata jina lake, lile la rangi nzito. Akalipapasa herufi moja moja. Kisha akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaanza kulikwangua.

"Baba, tafadhali," mkutubi akasema. "Gauni ni lako. Kitabu ni chako."

"Najua, mwanangu. Lakini watu huwa hawaji kutazama gauni."

Alikwangua mpaka akafikia mbao. Ilichukua muda, na sauti yake ilikuwa mbaya. Alipomaliza alipuliza vumbi, akarudisha ufunguo mfukoni, akanyoosha mkono upande wangu kutafuta kiwiko. Tukatoka. Njia nzima alikuwa ameshika kiwiko changu kama siku zote, vidole vinne na gumba. Nililia barabara nzima, kwa sababu alinishika tu kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumshika.

Nyumbani nilichemsha chai. Hakuinywa. Akasema, "Lete kitabu. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma sura ya kumi na moja, na ya kumi na mbili, mpaka mwisho. Nilisoma nyundo, nilisoma binti akifunga mlango. Sauti yangu ilikuwa inakatika, alinisubiri, nikaendelea. Nilipofunga kitabu alilipapasa jalada lake kwa kidole.

"Nimemtetea mtu ambaye hayumo," akasema.

"Nisamehe."

"Mimi si huyo mchongaji. Sitakufa nimekununia." Akapapasa meza akapata kikombe, akakizungusha tu. "Unajua ungeniambia siku ile ingekuwaje? Ningewaka. Ningekaa wiki nzima sisemi na mtu. Halafu ningekuita karakanani nikuambie, Bi Herufi, uwanja wako."

Nilimwamini. Ningependa kusema kwamba sikumwamini, ingekuwa nafuu kwangu, lakini niliiona siku hiyo yote, yeye amesogea pembeni, na majina mawili kwenye kona.

Picha bado iko maktabani, haina jina. Kinyozi alikuja mara tatu kuomba radhi, akaambiwa hana kosa, na mara ya tatu akamnyoa mzee bure huku amenyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mume wangu hanipigii kelele, hajanisema kwa binti yetu. Kitabu kipya kimekuja na ninamsomea. Kila nikifika mwisho wa ukurasa anauliza, kwa upole kabisa, "Ndivyo ilivyoandikwa?" Nasema ndivyo. Anasema, "Haya."

Leo asubuhi kulikuwa na mawingu. Nilikuwa jikoni, matone yakaanza kugonga kwenye dirisha, nikamwambia kama ninavyomwambia siku zote, "Mzee, mvua inanyesha."

Akanyanyuka kwenye kiti. Akapapasa ukuta mpaka akalipata dirisha, akafungua, akatoa mkono nje, kiganja juu, akasubiri. Kisha akaurudisha ndani, akaufuta kwenye suruali.

"Kweli," akasema. "Inanyesha."